Mdudu Asiwe Dudu

Kiswahili kina mizani yake ya kupimia viumbe wadogo. Mdudu ni mdudu. Akipunguzwa huwa kidudu, akikuzwa huwa dudu. Ajabu ya mizani hii ni kwamba pande zake zote mbili hazimpi heshima anayepimwa. Kidudu ni cha kupuuzwa. Dudu ni la kuogopwa ama la kuchukiwa, na wahenga walikwisha kuonya kwamba dudu liumalo halipewi kidole. Hata sarufi nayo hugeuka: aliyekuwa huyu sasa ni hili, akahamishwa kutoka jamii ya wenye uhai na kuwekwa safu moja na jiwe na gogo. Kumkuza kiumbe katika lugha hii, basi, ni jambo la hatari. Aghalabu anapata kimo na kupoteza nafsi.

Ndiyo maana sanaa ya kupiga picha za wadudu na maua kwa karibu mno, sanaa iliyostawi sana tangu kamera za dijiti zienee mwanzoni mwa karne hii, inastahili kusomwa na wapenzi wa ushairi kwa jicho lile lile wanalosomea beti. Kazi yake nzima ni kukuza. Na swali la kuiuliza ni moja: je, inaweza kumkuza mdudu asiwe dudu? Kazi tatu zinafaa kuwekwa mbele ya swali hilo, kwa kuwa kila moja imechagua usuli wake: ya kwanza weusi, ya pili weupe, ya tatu jani.

Kwanza lazima ufundi wenyewe ueleweke, maana katika sanaa hii fani huzaa maudhui. Mpiga picha anapomsogelea mdudu hata umbo lake ndani ya kamera likalingana na umbo lake halisi, sehemu inayoonekana wazi hupungua na kuwa nyembamba mno, pengine haifiki milimita moja. Jicho la panzi litaonekana, papasio zake zitayeyuka katika ukungu. Ili kuongeza uwazi huo hupunguzwa tundu la lenzi. Tundu likipungua, mwanga nao hupungua. Na chini ya miti mirefu ya msitu wa tropiki mwanga ni haba tangu hapo. Upepo ukitikisa jani kidogo tu, kazi imeharibika. Wako wanaoongeza mwanga kwa flashi, nayo humulika kilicho karibu na kukiacha cha mbali gizani, hata adhuhuri ikaonekana kama usiku wa manane. Wako wanaomtia mdudu katika jokofu ili apoe atulie, kisha wakamweka juu ya ua ambalo hajapata kulitembelea maishani mwake. Wako wanaomsubiri. Kila njia ina gharama yake, na mlipaji huwa mmoja kati ya watatu: mdudu, mpiga picha, au ukweli.

Levon Biss, mpiga picha wa Uingereza, alichagua wadudu waliokwisha kufa. Kazi yake iitwayo Microsculpture ilifunguliwa mwaka 2016 katika makumbusho ya historia ya asili ya Chuo Kikuu cha Oxford, na wadudu wake walitoka katika makusanyo ya makumbusho hayo hayo. Mdudu mmoja aligawanywa katika sehemu 30 hivi, kila sehemu ikatafutiwa mwanga wake. Kamera yenye lenzi ya hadubini ilisogezwa hatua kwa hatua, kila hatua mikroni 10, yaani mia moja ya milimita. Picha zaidi ya 8,000 ziliunganishwa kuwa picha moja. Matokeo yake ni mbawakawa aliyechapishwa kwa upana unaofikia mita 3, ambaye kila unywele wake unahesabika na kila kishimo cha gamba lake kina kivuli chake, juu ya weusi mtupu.

Atakayesema kwamba picha hizi ni uongo, kwa kuwa hapakuwa na dakika hata moja ambapo jicho la mtu liliona hivyo, atakuwa amekosea. Malenga naye hatungi utenzi kwa pumzi moja. Hufuta, hurudia, huvuta neno la jana likakutana na neno la leo, na hakuna anayemwita mwongo kwa sababu hiyo. Picha 8,000 zilizofanywa moja ni utunzi, tena utunzi wa subira kubwa. Linalovutia zaidi katika kazi ya Biss ni kwamba hakuna pambo lililotiwa na msanii. Mifereji, miiba na mawimbi ya rangi kwenye gamba yalikuwapo kabla yake.

Hata hivyo weusi ule una la kusema. Sonara huweka kito juu ya mahameli nyeusi ili mnunuzi asione kingine. Mbawakawa wa Biss ameng'arishwa namna hiyo hiyo: ni kito. Hana mti, hana majira, hana njaa wala adui. Katika droo za makumbusho kila mdudu hudungwa sindano pamoja na kipande cha karatasi kisemacho ameokotwa wapi na lini, na pengine na nani. Karatasi ile ndogo, iliyoandikwa kwa mkono, ndiyo msitu uliobaki kwake, nayo ndani ya fremu haimo. Wenye maonyesho walifanya jambo la hekima walipowaweka wadudu wenyewe, kwa udogo wao, jirani na picha zao. Mtazamaji aliinua macho akaona jabali, akainamisha macho akaona punje. Katika tofauti hiyo mdudu alirudishiwa unafsi kidogo. Lakini fadhila hiyo ni ya chumba cha maonyesho. Picha ikitoka peke yake, ikaning'inizwa ukutani au ikachapishwa kitabuni, linalobaki ni dudu. Dudu zuri kupita kiasi, la kustaajabiwa, lakini bado ni hili.

David Liittschwager wa Marekani alianzia mahali pengine. Katika miaka ya 1980 alikuwa msaidizi wa Richard Avedon, bingwa wa picha za watu aliyewasimamisha matajiri na vibarua mbele ya ukuta mweupe mmoja. Ukuta ule ulikuwa na maana: mbele yake hakuna aliyeegemea nyumba yake wala cheo chake. Liittschwager aliuchukua ukuta huo akaupeleka kwa viumbe wadogo. Alitengeneza fremu ya mchemraba wa chuma, rangi ya kijani, kila upande futi moja, akaiweka mahali mbalimbali duniani: katika mwamba wa matumbawe kisiwani Moorea, kwenye vichaka vya Mlima wa Meza kule Afrika ya Kusini, katika bustani iliyo kati ya jiji la New York, na juu kabisa katika tawi la mti wa jamii ya mkuyu, ndani ya msitu wa mawingu wa Monteverde nchini Costa Rica. Kila kiumbe kinachoonekana kwa macho, kilichoishi ndani ya fremu au kupita humo, kilipigwa picha juu ya weupe. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2010 katika jarida la National Geographic, na mwaka 2012 ikawa kitabu, A World in One Cubic Foot.

Msomaji wa tarbia ataipenda fremu ile mara moja. Ni ubeti. Ina kipimo kisichobadilika, na kipimo hicho hakimwonei yeyote: yanayoingia yanahesabiwa, yasiyoingia yanaachwa. Mtunzi wa mashairi ya vina hujua kwamba mizani humzuia kusema anachotaka na kumlazimisha kutafuta kinachowezekana, na mara nyingi kinachopatikana ni bora kuliko kilichokusudiwa. Liittschwager asingemchagua kila mdudu wa Monteverde kwa uzuri wake. Fremu ndiyo iliyochagua, na kwa sababu hiyo buibui mdogo asiye na rangi akapata nafasi ileile aliyopata ua la okidi. Huo ni usawa ambao picha za vito haziujui, na mbele ya weupe ule mdudu ni huyu.

Ila usawa una upungufu wake. Viumbe waliotengwa mmoja mmoja hawana tena habari baina yao. Nani alimla nani? Nani alibeba mbegu ya nani? Mti ule wa Monteverde ni mfano ulio wazi. Jamii ya mkuyu huficha maua yake ndani ya tunda, na nyigu mdogo, asiyezidi milimita chache, hupenya kwenye tundu jembamba, mara nyingi mbawa zake zikikatika njiani, ili atage humo na kuyachavusha maua yale. Mara nyingi kila aina ya mkuyu ina aina yake ya nyigu; mmoja akitoweka, mwenziwe hana warithi. Uhusiano huo haupigiki picha juu ya weupe, kwa kuwa hauko kwenye mwili wa nyigu wala kwenye tunda. Uko katika kitendo. Liittschwager ameandika orodha ya majina iliyo nzuri na ya haki, lakini lugha ya majina matupu bila vitenzi haijawa sentensi.

Piotr Naskrecki ni mtu wa vitenzi. Ni mwanasayansi mzaliwa wa Poland, bingwa wa panzi wa jamii ya senene, na kitabu chake The Smaller Majority kilitoka mwaka 2005. Hoja ya kitabu imo katika jina lake: wanyama walio wengi duniani ni wadogo kuliko kidole cha mtu, na wenye miili mikubwa ndio wachache. Picha zake nyingi ni za viumbe hai, mahali walipo, wakifanya wanachofanya. Pale anapotumia lenzi pana, huisogeza karibu kabisa na mdudu, hata mdudu akawa mkubwa mbele huku msitu ukionekana nyuma yake. Kwa ufundi huo mtazamaji hapati nafasi ya kusahau kwamba jani lina mti, na mti una mbingu.

Hapa ndipo penye jibu lililo karibu zaidi na swali lililoulizwa mwanzo. Panzi aliyejifananisha na jani bovu, ambaye mbawa zake zina madoa ya ukungu na kingo zilizotafunika, hana maana yoyote juu ya weusi wala juu ya weupe. Akitengwa ataonekana wa kuchekesha. Kwenye jani lake ni mwerevu, maana ni jani lililomfanya awe alivyo. Na jicho la mtazamaji, linapohangaika kumtafuta, huwa limekaa kwa muda katika nafasi ya ndege mwenye njaa. Picha imemkuza mdudu kwa kumfanya mtazamaji amtafute, naye hakugeuka kuwa kitu.

Kitabu kina kasoro. Kimepangwa kwa aina za mazingira, misitu yenye mvua, mbuga na majangwa, wala si kwa nchi. Kwa hiyo viumbe wa mabara mbalimbali hukutana chini ya kivuli kimoja, na msitu unakuwa msitu wa kila mahali. Msitu wa namna hiyo haupo. Uko wa Guinea, uko wa Costa Rica, na mwenye shoka naye huwa wa mahali maalumu. Naskrecki mwenyewe baadaye alifanya kazi inayojibu lawama hii. Picha zake za Gorongosa, hifadhi ya katikati ya Msumbiji ambayo wanyama wake wakubwa waliangamizwa sana wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1977 hadi 1992, zimo katika kitabu cha Edward O. Wilson cha mwaka 2014, A Window on Eternity. Humo msitu na mbuga vina jina, na historia yao ina majeraha. Mdudu anayeonekana pale ni mkazi wa mahali fulani, baada ya jambo fulani kutokea.

Majina ya Kiswahili yanafaa kukumbukwa katika hatua hii, kwa kuwa nayo ni picha, na kila jina lina usuli wake. Vunjajungu ameitwa hivyo kwa imani kwamba atakayemgusa atavunja chombo atakachoshika baadaye. Usuli wa picha hiyo ni jikoni, na hofu ya mpishi. Kifaurongo amepigwa picha akijifanya maiti mbele ya mtu aliyemgusa. Kimetameta hana mwili kabisa. Jina limeona mwanga wake tu, gizani. Waliotoa majina haya hawakuwa na lenzi, lakini walijua jambo ambalo mpiga picha wa weusi mtupu amelisahau: mdudu hujulikana katika kukutana. Udhaifu wa majina haya ni kwamba mara nyingi humweka mtu katikati. Vunjajungu wa msituni, asiyepata kuona jungu, ana maisha yake ambayo jina halikuyafikia. Na ushairi umeongeza udhaifu huo. Nyuki katika beti nyingi ni bidii, kipepeo ni kigeugeu, chungu ni umoja; wamekuwa mihuri ya kupigia mawaidha. Ni lini mtunzi alimtazama nyuki mpaka akaona upande gani wa mguu hubeba chavua?

Kabla kamera haijabuniwa alikuwapo mtu aliyeyaweka yote mawili pamoja, mdudu na jani, picha na neno. Maria Sibylla Merian, mchoraji mzaliwa wa Frankfurt aliyekuwa akiishi Amsterdam, alisafiri mwaka 1699 akiwa na binti yake hadi Surinam, koloni la Waholanzi, akiwa na umri wa miaka 52. Alirudi mwaka 1701 na mwaka 1705 akachapisha kitabu chenye picha 60. Katika picha zake yai, kiwavi, kifukofuko na kipepeo wamo juu ya mmea mmoja, ule ule wanaoula, kana kwamba siku nyingi zimekunjwa kuwa ukurasa mmoja. Alifanya kwa brashi utunzi ambao Biss angeufanya kwa picha 8,000, ila yeye aliunganisha nyakati, Biss akaunganisha nyuso.

Kuna mmea mmoja katika kitabu hicho ambao msomaji wa visiwani hana budi kusimama mbele yake. Ni kichaka chenye maua mekundu yenye kingo za njano na nyuzi ndefu zilizochomoza, kinachopandwa mpaka leo katika bustani nyingi za nchi za joto kwa ajili ya uzuri wake. Merian alikichora pamoja na kiwavi na nondo wake. Kisha, katika maelezo yake, aliandika alichoambiwa na wanawake watumwa wenyewe, wenyeji wa nchi ile na waliotolewa Afrika: kwamba walitumia mbegu za mmea huo kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani.

Lenzi gani ingeliona hilo? Ua lile likikuzwa hadi mita 3, kila uzi wake ukihesabiwa, kila chembe ya chavua ikipewa kivuli chake, habari hiyo haimo. Usuli wa ua ulikuwa wanawake, na usuli wa wanawake ulikuwa shamba la miwa. Katika visiwa ambavyo navyo vilijua soko la watu na mashamba ya mikarafuu yaliyolimwa na watumwa, hakuna atakayesema kwamba jambo hili liko nje ya uhakiki wa picha za maua. Merian alikuwa Mzungu katika nchi ya koloni, naye alihudumiwa na watumwa, hilo halifichiki. Lakini aliuliza, akasikiliza, akaandika, na kwa hivyo picha yake ina kina ambacho picha nyingi za leo, zilizo wazi kuliko yake mara elfu, hazikifikii.

Karibu na pwani hii uko mfano wa ua lililopatwa na kinyume chake. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani katika Usambara, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau linaloota penye kivuli, kwenye miamba yenye unyevu. Mwaka uliofuata Hermann Wendland alilieleza kisayansi na kulipa jina la ukoo wa aliyelipeleka, Saintpaulia. Leo liko madirishani dunia nzima, ndani ya vyungu, na limepigwa picha za karibu zisizo na hesabu. Picha hizo huonyesha vyema vifuko viwili vya chavua, njano iliyokolea, na ule mtindi mwembamba wa kike ambao katika ua moja huegemea kulia na katika jingine kushoto. Usuli wao ni pazia. Wajerumani walau hulitaja kwa jina la Usambara. Waingereza wameridhika kuliita la Afrika. Na wakati ua la vyunguni likizidi kuongezeka, ndugu zake wa mwituni wako hatarini, kwa kuwa kila mti mkubwa unaokatwa juu ya mwamba huondoka na kivuli ambacho wao hawawezi kuishi bila hicho.

Hapo ndipo thamani ya sanaa hii inapopimwa. Mtu akilijua ua kwa picha ya chungu, kukatwa kwa mti wa Usambara hakumhusu. Akilijua pamoja na mwamba wake, unyevu wake na mti ulio juu yake, ataelewa kwamba shoka halikugusa ua lakini limeliua. Picha isiyo na usuli haidanganyi kwa lile inaloonyesha. Inampa mtazamaji ruhusa ya kutouliza.

Biss atabaki bingwa wa ufundi, na wenye kupenda vina vilivyosanifiwa watamrudia. Liittschwager ameipa sanaa hii kipimo chake cha haki, na fremu ile ya kijani ndiyo buni bora kuliko picha zote zilizotoka ndani yake. Naskrecki ndiye aliyemwacha mdudu kuwa huyu. Mpiga picha atakayeingia kesho katika Jozani, ambako wageni wengi huenda kumtazama kima punju, au katika Ngezi kule Pemba, ana mengi ya kuwaiga watatu hao. Afuatane na mzee wa kijiji cha jirani anayejua mti upi hutumika kwa dawa ipi na nyuki hutua wapi msimu wa vuli, na achukue daftari pamoja na kamera. Jina la mdudu, jina la jani alilokalia na jina la aliyeyataja yote mawili yaandikwe chini ya picha, kwa herufi zisizo ndogo kuliko jina la mpiga picha.